Usiku kucha kutoka Osaka hadi Kyushu: kitanda, bafu na kizingiti cha choo

Mama ni mtu wa Pemba, na tangu mwaka 2011 hajapanda meli. Anayeikumbuka Spice Islander, meli iliyozama mwaka ule ikielekea Pemba, anajua kwa nini. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba tutatoka Osaka kwenda Beppu, kisiwani Kyushu, kwa feri, usiku kucha, aliweka kikombe chini akanitazama. "Mwanangu, nchi yote hii haina treni?"

Treni ipo. Unapanda Shinkansen, treni ya kasi, mpaka Kokura, unashuka, unapanda treni nyingine, Sonic, mpaka Beppu. Ni kama saa nne, na nauli inapita yeni 15,000 kwa kichwa. Lakini kazi yangu ni kuhudumia wazee, mwaka wa sita huu, katika nyumba ya kulelea wazee hapa Osaka, na goti la Mama nimelitazama tangu aliposhuka uwanja wa ndege wa Kansai. Goti lile haliwezi kukunjwa kitini saa nne, kisha likapandishwa ngazi za stesheni katikati ya watu wanaokimbia. Linataka kitanda. Na tulikuwa tunakwenda Beppu kwa ajili ya goti lenyewe, kwenye chemchemi za maji ya moto. Nisingekubali lifike limevimba.

Njia hii nilikuwa naijua. Novemba nilisafiri peke yangu, nauli nafuu. Safari hii ya pili tulichukua chumba chetu wawili. Kwa hiyo nitazungumzia mara zote mbili, maana tofauti kati ya tiketi ile na hii ndiyo jambo ambalo watu huniuliza zaidi.

Jina la kampuni sitaliandika. Zinazotoka Ghuba ya Osaka kwenda bandari ya Shinmoji, mjini Kitakyushu, ni zaidi ya moja, meli zao mpya zinafanana sana kwa mpangilio, na lalamiko langu, ambalo si dogo, nimelipeleka kwa wenyewe. Ipo pia feri ya moja kwa moja, Osaka hadi Beppu. Njia ile ilianza mwaka 1912, na tangu 2023 inatumia Sunflower Kurenai na Sunflower Murasaki, feri za kwanza za Japani kuendeshwa kwa gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika. Nilitaka hiyo, ila tarehe zetu zilikuwa zimejaa. Tukaenda Shinmoji, na kutoka hapo kwa basi na treni.

Kwanza muelewe meli hizi ni za nini. Abiria tunapita juu kwa daraja la vioo, tunapokewa kwa kuinamiwa, tunadhani meli ni yetu. Si yetu. Chini ya miguu yetu kuna sitaha zilizojaa malori na matela, na ndiyo yanayoilipa safari. Tangu Aprili 2024 sheria ya Japani imemwekea dereva wa lori kikomo cha saa 960 za kazi ya ziada kwa mwaka, na saa anazolala ndani ya feri zinahesabiwa kuwa mapumziko. Matela mengine yanasafiri yenyewe bila dereva: mmoja anayaacha Osaka, mwingine anayapokea Kyushu. Ndiyo maana meli hizi zinaondoka karibu kila usiku wa mwaka, isipokuwa kimbunga kikija, na ndiyo maana mhudumu wa wazee kama mimi anaweza kulala ndani ya meli ya kifahari kwa pesa zisizomfilisi. Ukisikia minyororo inagonga chuma chini kabla ya kuondoka, usishtuke. Wanafunga malori yasisogee. Mama alishtuka, nikamweleza, akasema, "Vizuri. Wafunge sana."

Nauli ya chini kabisa inakupa nafasi katika chumba cha pamoja: sakafu ya zulia, godoro jembamba, mto mdogo, blanketi, na namba yako. Wanawake wana chumba chao. Sijakilala, nimekichungulia tu, na kwa kijana mwenye mgongo mzima hakina neno. Mimi Novemba nilipanda daraja moja juu yake, kwenye vitanda vya pazia. Kila mtu ana sanduku lake la mbao, refu kama kitanda na kimo cha mtu aliyekaa. Unaingia kwa upande, unashusha pazia, na ulimwengu unakwisha. Ndani mna taa ya kusomea, soketi, kulabu mbili, na kirafu chenye ukingo ili simu isidondoke meli ikiyumba. Shuka zilikuwa safi, zimenyooshwa, zinanukia sabuni. Nilitoka zamu ya usiku siku ile, macho yanawaka, na nililala kama mtoto aliyenyonyeshwa.

Mawili ya kujua kuhusu vitanda vile. Joto huliwezi, linapangwa na wao, na kwangu lilizidi: niliamka koo limekauka. Chukua chupa ya maji. La pili ni mifuko ya plastiki. Mtu akifungua kinywa kusema humo watamnyamazisha kwa macho, lakini mwenzangu wa kitanda cha jirani alikunjua na kukunja mfuko wake wa dukani tangu saa tano mpaka saa sita usiku, na hakuna sheria ya mfuko. Vitu vyako vya usiku viweke kwenye kitambaa.

Pamoja na Mama nilichukua chumba cha vitanda viwili, chenye dirisha, choo na bafu lake ndani. Ni karibu mara mbili ya nauli ya pazia. Kila yeni ilistahili, kwa sababu mama yangu huamka usiku mara mbili, na kwa sababu anataka kutawadha bila kupita koridoni mbele ya watu.

Jambo la kwanza alilofanya hakuangalia kitanda wala dirisha. Alifungua kabati. Majaketi ya kuokolea yalikuwamo, mawili, rangi ya chungwa, kila moja na filimbi yake, na juu ya mlango wa kabati picha za namna ya kuvaa. Akatoa moja, akalivaa juu ya buibui, akafunga mikanda yote akiangalia picha, akaivuta kuona kama inalegea. Kisha akavua, akaliweka miguuni mwa kitanda, wazi, si kabatini. Sikumwambia kitu. Nilikwenda naye mpaka mwisho wa koridoni tukatazama mlango wa dharura na mishale ya kijani inayong'aa sakafuni, tukahesabu milango: saba kutoka kwetu. Wazee wangu kazini nao nawahesabisha hivyo hivyo.

Kitu kilichomtuliza sikukitarajia. Ni televisheni. Mna stesheni moja inayoonyesha ramani tu: pwani ya kijani, bahari ya buluu, na meli yetu ikiwa alama ndogo nyekundu, pamoja na mwendo wake na saa. Mama aliitazama ile alama kama watu wanavyotazama taarifa ya habari. "Tumefika wapi?" hakuniuliza tena. Alikuwa ananiambia yeye.

Tuliondoka usiku unaingia. Mngurumo wa injini unaanza nyayoni, halafu taa za bandari zinaanza kusogea, na bila kusogea kwa taa zile usingejua kwamba umeondoka. Bahari ya ndani ya Seto imezungukwa na nchi pande zote, kisiwa cha Honshu kulia kwako, cha Shikoku kushoto, visiwa vidogo vimetapakaa katikati. Mawimbi ya bahari kuu hayafiki. Meli zenyewe zina mapezi ubavuni chini ya maji, yanayogeuka kila meli inapotaka kulalia upande mmoja. Mtu anayeogopa kutapika, njia hii inamfaa kuliko zote za Japani. Ila chagueni chumba cha katikati ya meli. Tezini uko juu ya rafadha, na vioo vya maji vinatetemeka mezani usiku kucha. Novemba kitanda changu kilikuwa tezini, najua.

Chakula nitakisema kwa ufupi kwa sababu hakikunifurahisha wala kuniudhi. Unachukua sinia, unapita mbele ya vibakuli, unalipa kila unachochukua. Samaki wa kuchoma jamii ya vibua, mwenye chumvi, mtamu kweli. Supu ya miso, wali, saladi, kuku wa kukaanga, na nguruwe wa aina tatu nne. Muislamu ajifunze herufi moja tu kabla ya kusafiri, 豚, na akiiona arudishe mkono. Lakini michuzi yao ya kahawia mingi inapikwa na mvinyo wa mchele, na hilo herufi haikwambii. Niliuliza, mpishi akaja mwenyewe kutoka jikoni akaniambia kwa kweli kipi kina na kipi hakina. Tukala samaki, wali, na mayai tuliyochemsha nyumbani. Karibu na ukumbi kuna maikrowevu, birika la maji ya moto na viti vya dirishani, na nusu ya abiria walikuwa wanakula vyao. Hakuna anayekutazama vibaya kwa kuja na chakula chako.

Kibla kilitupa kazi kidogo. Dira ya simu ndani ya meli ya chuma haiaminiki, ilikuwa inazunguka kama inatafuta kitu. Tulitumia ile ramani ya televisheni. Meli inakwenda magharibi usiku kucha, ikipinda kusini kidogo, na kutoka Japani kibla ni magharibi ikipanda kaskazini. Kwa hiyo unatazama omo, kisha unageuka kulia kidogo. Mama aliswali amekaa kitandani. Nafasi kati ya vitanda viwili inatosha msala mmoja, wa pili hautoshi. Nilimsubiri amalize.

Saa tatu usiku hivi tulipita chini ya daraja la Akashi Kaikyo. Saa za kupita madaraja wanazibandika ukumbini, na watu hutoka nje dakika kumi kabla. Nilimvalisha Mama koti langu juu ya buibui, nikamshika kiuno, tukapanda lifti mpaka sitaha ya juu. Mlango wa kutokea nje una kizingiti cha chuma, na hicho nakielewa, kinazuia maji. Daraja lenyewe linawashwa taa kwenye kamba zake, na kati ya mnara na mnara ni mita 1,991. Lilipofunguliwa mwaka 1998 hakuna daraja la kuning'inia lililokuwa na nafasi ndefu kuliko hiyo, mpaka Waturuki walipolipita mwaka 2022. Takwimu nilizisoma. Lakini ukiwa chini yake unachokiona ni tumbo la daraja linakuja juu ya kichwa chako polepole, jeusi, halafu sauti ya upepo inabadilika kwa muda mdogo, halafu limekwisha. Mama alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili. Alisema "Allahu Akbar" kwa sauti, na mzee mmoja wa Kijapani karibu yetu akamtikisia kichwa kama aliyemwelewa.

La pili, Seto Ohashi, linapitwa karibu na saa sita usiku. Nilifikiri atakuwa amelala. Hakulala, alikuwa na ile alama nyekundu. Akataka twende. Juu hapakuwa na mtu isipokuwa madereva wawili wanavuta sigara mahali palipoandikwa. Nikamweleza daraja lile lilivyotokea. Kabla yake watu na treni walikuwa wanavushwa kwa feri kati ya Honshu na Shikoku. Tarehe 11 Mei 1955, kwenye ukungu, karibu na Takamatsu, feri ya Shiun Maru iligongana na nyingine ikazama. Wengi waliokufa walikuwa watoto wa shule, wako kwenye ziara. Baada ya hapo watu wa Shikoku hawakunyamaza mpaka daraja likajengwa, likafunguliwa mwaka 1988, na magari yanapita juu na treni chini yake.

"Wangapi?" Mama aliuliza.

"Mia moja sitini na nane."

Alisema inna lillahi, akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Treni ilipita juu yetu, madirisha yote yana taa. Aliiangalia mpaka ikaisha. Kisha akasema, "Na wao wakajenga."

Hatukuzungumza tena mpaka chumbani.

Sasa lalamiko. Choo cha chumbani ni kile cha kipande kimoja cha plastiki ngumu, choo, beseni na manyunyu pamoja, kama vya hoteli ndogo za Japani. Ili mabomba yapite chini yake, sakafu yake iko juu kuliko ya chumba. Juu kiasi gani? Nilipima kwa kiganja changu: kuanzia kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati, na ziada ya kidole. Kwa mtu mzima mwenye magoti mazima hiyo si kitu. Kwa mzee, usiku, meli inapinda, ni mlima. Na mlangoni hapana kishikio. Kilichopo, mahali hasa ambapo mkono unakwenda wenyewe, ni bomba la kutundikia taulo.

Saa nane usiku tulikuwa kwenye mlango bahari wa Kurushima. Mkondo wa pale ni mkali mno, siku nyingine unafika kama kilomita 18 kwa saa, na una sheria yake ambayo sijaisikia kwingine: meli inayokwenda na mkondo hupita njia ya kati, inayokwenda kinyume chake hupita njia ya magharibi, kwa hiyo upande wa kupita hubadilika kadiri maji yanavyogeuka. Meli inapinda humo mara kadhaa. Haiyumbi, inalala tu kidogo upande, unahisi kama mtu amevuta godoro. Mama alikuwa anatoka chooni wakati huo. Mguu mmoja juu, mwingine unatafuta sakafu ya chini, mkono umeshika bomba la taulo. Nikasikia skrubu inalia.

Kazini tunafundishwa siku ya kwanza kabisa: bomba la taulo halibebi mtu. Na tunafundishwa kwamba mzee anayepoteza mizani usimshike mkono, utamtegua bega. Mshike kiunoni, kwa nyuma, kwenye nguo. Nilikuwa nimeshaamka kwa ule mpindo. Nilishika fundo la kanga yake kwa mkono mmoja na nyonga kwa mwingine, tukakaa wote wawili chini, polepole, migongo kitandani. Hakuumia. Bomba lilibaki linaning'inia kwa upande mmoja. Alikuwa anatetemeka, na mimi nilikuwa na hasira ambayo sikuwa nayo tangu nianze kazi ile, kwa sababu kishikio cha chuma cha mlangoni ni kitu kidogo na skrubu nne.

Nilikwenda mapokezi. Dirisha lilikuwa limefungwa, kuna kengele, nikabonyeza. Alikuja kijana ndani ya dakika mbili, na niseme haki, hakubishana hata neno. Alikuja chumbani, akatazama, akainama mbele ya Mama mpaka kiunoni, akauliza kama anataka kuonwa. Akaleta kidato cha plastiki chenye mpira chini, kile cha kupunguza kimo, akakiweka mlangoni akakikanyaga mwenyewe kuona kama kinateleza. Akatuonyesha choo kikubwa cha ukumbini, sakafu sawa, vishikio pande zote mbili, kiti cha joto. Na akasema jambo ambalo lingefaa kuandikwa kwa herufi kubwa pale tunapokata tiketi: meli ina chumba kisicho na vizingiti, mlango wa kuteleza, choo cha vishikio, nafasi ya kiti cha magurudumu. Sheria ya Japani ya mwaka 2006 inazitaka meli mpya za abiria zifikirie watu hawa. Lakini chumba hicho hukioni mtandaoni. Unapiga simu. Nimekata tiketi za njia hii mara mbili kwa simu yangu ya mkononi, nasoma Kijapani, na sikujua kama kipo.

Basi wewe mwenye mzazi, au mwenye goti lako mwenyewe, usibonyeze chochote. Piga simu, useme "baria furii", yaani chumba kisicho na vizingiti, na useme umri.

Nimeacha bafu mwisho kwa sababu ndilo ninalolipenda kuliko vyote, na hili halibagui nauli: aliyelala zuliani na aliyelala chumba cha kifahari wanaingia mlango mmoja. Ni bafu la pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao, lina hodhi kubwa ya maji ya moto mbele ya dirisha pana linalotazama bahari. Kwanza unakaa kwenye kigoda mbele ya kioo, unajisugua, unajisuuza mpaka povu lote liishe, ndipo unaingia hodhini. Kitambaa hakiingii majini, wenyewe hukikunja wakakiweka kichwani. Sabuni ipo, shampuu ipo, vikaushia nywele vipo; taulo njoo nalo, au ununue. Mabafu mengi ya namna hii yanakataza watu wenye tatuu. Mimi Novemba nilikuwa na hina mikononi, nilitoka harusini, nikawaeleza pale mapokezi kwamba inafutika baada ya wiki mbili. Walishauriana, wakaniruhusu.

Maji ya hodhi ile yanatembea. Hilo hakuna aliyenieleza. Meli inalala kidogo upande, na maji yote yanainuka kwa utaratibu upande mmoja, yanafika shingoni mwako, yanamwagika ukingoni kwa sauti ndogo kama mtu anayemimina kahawa, kisha yanarudi na kukuacha mabega wazi. Unabembelezwa. Nje ya dirisha giza, taa moja ya mnara wa mwambani inawaka na kuzima. Nilikaa humo mpaka vidole vikakunjamana.

Mama alikuwa amekataa. Kuvua mbele ya watu, hata wanawake, hawezi, na sikumlazimisha. Lakini baada ya usiku ule goti lilikuwa limekaza. Bafu linafunguliwa tena alfajiri. Tulikuwapo kabla mlango haujafunguliwa, na ndani tulikuwa sisi wawili. Akakaa kwenye kigoda akiwa na kanga yake, hakuikaribia hodhi, nikamjazia ndoo na kummiminia maji ya moto gotini kwa kopo, taratibu, moja baada ya jingine. Akaingia bibi mmoja, umri wake kama wa Mama au zaidi. Nikasimama, nikaanza kueleza kwa Kijapani kwamba hatutaingia hodhini na nguo. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaenda kwenye kona, akarudi na kigoda kirefu, kile chenye mgongo, ambacho sikuwa nimekiona, akakiweka mbele ya Mama, akagonga kiti chake kwa kiganja. Kaa hapa. Mama akasema ahsante kwa Kiswahili. Wakaoga wamekaa kioo kwa kioo, kila mmoja anajimiminia, mpaka dirishani kukawa kweupe.

Ya asubuhi ni mepesi. Kahawa ya mashine, watu wanafunga mizigo kabla ya wakati kama kawaida yao, sauti inaita wenye magari washuke chini kwanza. Matangazo yote muhimu ni ya Kijapani, ya Kiingereza ni machache na mafupi. Msiojua lugha, fuateni umati. Mtandao wa meli unapatikana ukumbini tu na ni wa kusuasua, ila pwani iko karibu muda mwingi na laini ya simu ilitusaidia. Shinmoji penyewe ni bandari ya malori, hapana kitu. Basi la bure linasubiri mlangoni, linakufikisha stesheni ya Moji na ya Kokura. Usichelewe kushuka, halingojei sana.

Kurudi, siku tano baadaye, nilikuwa nimepiga simu. Tulipewa chumba kile. Mlango unateleza kwa kidole, sakafu ya choo na ya chumba ni moja, kishikio kiko pale mkono unapokwenda. Kina kasoro yake: kitanda cha mwenzi ni kifupi na hakipati dirisha. Mama alifungua kabati, akahesabu majaketi, mawili, akafunga. Kisha akaniambia nimtafutie ile stesheni ya ramani.